Kinga na Mzigo: Toka Sake Mpaka Walikale



Kwetu Kivu ya Kaskazini kuna mashini mbili za barabara zisizoomba esansi wala mazuti: chukudu na kinga. Chukudu ni mtoto wa hapa hapa. Ilizaliwa wakati wa Zaire, miaka ya 1970, mikononi mwa maseremala wetu. Ni mbao za mikaratusi, magurudumu mawili madogo ya mti yaliyovishwa mpira wa gari, na pembe mbili za kushikilia kama za ngombe. Goma waliijengea hata sanamu ya rangi ya dhahabu, ikafunguliwa mwaka 2009. Mgeni akiona ile sanamu anacheka kidogo. Sisi hatucheki, sababu viazi, kabichi na makala tuliyokula miaka mingi vilishuka mlima juu ya chukudu.

Kinga (wenzetu wa Tanzania wanasema baiskeli) ilitoka mbali, China na India, lakini nayo imekuwa mwenyeji. Chukudu inapenda kushuka. Iko mfalme wa njia ya Kibumba na ya Mushaki, pahali mtu anapanda mlima mtupu na kuteremka na mzigo. Kinga njo inayoingia pori. Ukivuka Masisi na kuelekea Walikale, chukudu zinapungua, kinga zinazidi: moja imebeba mawese, ingine muchele, ingine mikungu ya ndizi mpaka humuoni mwenye kuisukuma.

Nasema kusukuma, sababu watu wa mji wanafikiri kinga ni kitu cha kukalia. Mtu wa mzigo hakalii. Anafunga fimbo moja kwenye gido ili aongoze kwa mkono wa kushoto, na fimbo ingine ndefu nyuma ya kiti, imesimama, ile anaisukuma kwa mkono wa kuume. Hivyo anatembea kando ya kinga yake kutoka asubuhi mpaka jua lizame. Hiyo akili haiko ya Walikale peke yake. Kule Vietnam, mwaka 1954, katika vita ya Dien Bien Phu, wakulima walisukuma maelfu ya baiskeli milimani na porini, kila moja kilo 200 na zaidi, wakizifunga miti ya mwanzi namna ile ile. Majenerali wa Ufaransa walikuwa na ndege, na hawakuhesabia baiskeli kuwa kitu. Sisemi hivi kwa kusifu vita, Mungu atuepushe. Nasema tu kwamba wakulima wa nchi mbili zisizojuana walifikia fimbo mbili zile zile.

Mwezi wa saba mwaka 2019 nilisafiri kwa kinga toka Sake mpaka Walikale-centre. Kazi ilikuwa kutembelea vikundi vya waamini vilivyo mbali na barabara ya gari, na kuwapelekea vitabu vya nyimbo na dawa kidogo. Tulikuwa wane: mimi, mzee mmoja mwenye kuuzisha mawese tangu ujana wake, shemasi mmoja, na kijana wa koro yetu mwenye miaka 19. Jina lake naliacha. Hatukuwa na gari la kutufuata nyuma, wala feza ya kulipa wabebaji. Kila kitu cha kula, cha kulala na cha kutengeneza kinga tulikibeba wenyewe.

Usiku wa mbele ya safari yule mzee alitandika shitingi uani, akasema kila mtu aweke pale vyote anavyotaka kubeba. Kisha akashika kitu kimoja kimoja na kuuliza: "Hii utaitumikisha siku gani?" Kisichokuwa na siku kilirudi nyumbani. Kitabu changu cha maelezo ya Biblia, cha kurasa karibu 800, hakikupata siku. Biblia yenyewe ilipata siku zote. Viatu vya ngozi vya shemasi vilipata Siku ya Bwana moja tu, kwa hiyo vikabaki, akahubiri Walikale na viatu vya plastiki. Hakuna aliyelalamika.

Vitu vilivyobaki navitaja, sababu wasomaji wengi ni watu wa njia: pompi moja kwa wote, viraka na kole, mpira wa ndani mmoja kwa kila kinga, funguo mbili, waya, viungo vitatu vya mnyororo, soli ya kandambili kwa kukata fre mpya, kipande cha mpira mzee wa nje kwa kuziba pale mpira umepasuka, panga, sufuria, unga, maharagi, chumvi nyingi, sabuni, vyandarua, shitingi yenyewe, na kadi ya uchaguzi ya kila mtu, sababu wakati ule ndiyo ilikuwa kitambulisho chetu. Chumvi nitarudia.

Tena kuna namna ya kufunga. Vizito vinakaa chini, karibu na katikati ya gurudumu, siyo juu ya kiti. Ukiweka vyote nyuma, kinga itainua uso kwenye mlima kama punda asiyetaka. Kamba nzuri ni ile ya mpira wa ndani uliokatwa vipande virefu, inavutika na haijilegezi. Na kisha saa moja ya mwendo unasimama na kukaza tena, sababu mzigo ukitikiswa unashuka. Sipoki za gurudumu la nyuma, upande wa mnyororo, zinavunjika mbele ya zingine, basi hizo unazigusa kila jioni kwa kidole kama mtu anayehesabu watoto wake. Mnyororo usiutie mawese hata kama unayo bidoni tatu, yanashika vumbi na kuwa gundi.

Toka Goma mpaka Sake ni karibu kilometa 25 juu ya majivu na mawe ya volkano, na mtu hachoki sana. Toka Sake mpaka Mushaki njo njia inapomuuliza mtu anaitwa nani. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na vilima vya Masisi vinapita 2,000. Tulisukuma. Wenye chukudu walikuwa wanateremka, mguu mmoja juu ya kile kipande cha mpira kinachofunika gurudumu la nyuma, ndiyo fre yao, na mpira unalia na kunuka. Mwaka ule Ebola ilikuwa imefika Goma mwezi ule ule wa saba. Pahali pa kunawa mikono kwa maji ya klori tulinawa, tukapimwa joto usoni, tukaendelea. Nilipenda kuona mwenye chukudu, haraka yote ile, anasimama kunawa.

Watu wanaogopa kupanda. Mzee wetu aliogopa kushuka. Kwa kupanda, alisema, mwili wako unakuambia mwenyewe wakati wa kusimama, lakini kwa kushuka hakuna anayekuambia. Kinga ya chuma ikiwa imelowa mvua, fre haishiki. Unakaza na gurudumu linaendelea tu kama hukusema kitu. Kwa hiyo kwenye kila mteremko mrefu, upande wa Bihambwe na mbele ya Masisi-centre, alitushusha wote chini. Tulizuia kinga kwa kuvuta nyuma, magoti yakatetemeka kuliko kwenye mlima. Kijana wetu hakupenda. Vijana wa nchi ile wanatupita mbio, wakipiga miluzi. Kwenye kona moja tulikuta mmoja wao amekaa kwenye majani, bidoni zake zimepasuka, mawese mekundu yote barabarani. Yeye alikuwa mzima, ashukuriwe Mungu. Lakini yale mawese yalikuwa ya deni, na alikaa anayatazama tu. Tulimfungia mkono, tukamwachia unga. Kuhusu deni hatukuwa na neno la kumwambia.

Masisi ni nchi nzuri, lazima niseme. Majani yamekatwa na ngombe kama kichwa kilichonyolewa, ua za miti, ukungu wa asubuhi, na fromaji ya mviringo inayojulikana mpaka Kinshasa. Mtu wa gari anaona haya kwa saa chache na amelala nusu. Mtu wa kinga anasalimu kila mlango. Anajua wapi maji ni safi, na nyumba gani ina msiba, sababu amesimama pale kupumzika. Nilikumbuka Matendo ya Mitume sura ya 20: wenzake Paulo waliingia merikebu Troa, yeye akachagua kwenda kwa miguu mpaka Aso. Luka haelezi sababu. Wahubiri wengi wanapita ule mstari haraka. Mimi, kisha safari ile, nafikiri Paulo alitaka kusalimu watu, au alitaka kunyamaza kidogo. Kwa mwendo wa miguu mtu anapata yote mawili.

Kisha Nyabiondo nchi inabadilika. Kashebere, Kibua, pori linafunga, joto linapanda, udongo mwekundu unashika gurudumu mpaka linakataa kuzunguka. Huko unakata kijiti na kutoa udongo kila hatua mia. Bariere zilikuwa nyingi, na siyo zote za serikali. Sitaandika nani alisimama wapi. Tulikuwa na utaratibu: mzee njo anasema, sisi tunanyamaza, na hakuna anayefungua mfuko wa feza mbele ya watu. Mara mbili walitoza kila kinga. Mara moja mwenye silaha aliona vitabu vya nyimbo, akaomba kimoja, akaimba ubeti wote bila kutazama kitabu, kisha akatuacha tupite bure. Alikuwa kijana kama yule wetu. Nimemuombea mara nyingi.

Sasa ile chumvi. Kulikuwa na mto, na kilalo chake cha miti kilikuwa kimebakiza mti mmoja, wenye utelezi. Mtu mwenye kinga ya mzigo hawezi kuvuka pale peke yake hata awe Samsoni. Inaomba mmoja mbele, mmoja nyuma, na wa tatu ndani ya maji. Watu wa kijiji walitoka wenyewe. Walivusha kinga zote nne na mizigo yote, na mtoto mmoja akabeba pompi kichwani kwa heshima kama sanduku la agano. Tuliuliza tuwape nini. Mama mmoja akasema: "Chumvi, Papa Pasta. Feza huku tutaila na nini?" Tuliwapa chumvi, na wao wakatupa ndizi na sombe.

Usiku ule tulisoma Injili ya Luka. Katika sura ya 10 Bwana anawatuma wanafunzi bila mfuko, wale kile watakachopewa. Katika sura ya 22 anawaambia mwenye mfuko auchukue. Shuleni kwetu ya Biblia tulibishana sana juu ya hizi sura mbili, kama zinapingana. Mzee wa mawese, ambaye hakufika shule ile, alisema yeye haoni ubishi: mtu anabeba mfuko ili asiwe mzigo kwa mjane, lakini kilalo kikivunjika atahitaji mjane amshikie kinga. Niliandika maneno yake kwenye daftari.

Yule kijana alikuwa na neno lake, na alilitoa usiku huo. Baba yake alikufa, akamwachia kinga moja ya Phoenix, ile ile aliyokuwa anasukuma. Alitaka kuiuzisha Walikale na kwa ile feza aingie kwenye shimo pamoja na rafiki zake. "Pasta," akasema, "mu shimo mutu anaweza pata feza ya kinga tano siku moja."

Mzee akamuuliza: "Na ile siku, itafika lini?"

Kijana akakasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alisema: "Baba alisukuma hii kinga miaka kumi na mbili, akafa na nini?" Hapo mzee alinyamaza, nami nikanyamaza. Nisiwadanganye, wapendwa: kinga haitajirishi mtu. Bidoni tatu za lita 20 ni kilo zaidi ya 50 za mawese, na kinga yenyewe, na mvua. Wazee wa kazi hiyo wana migongo mibaya na ngiri. Kwa mchungaji ni rahisi kusema machimbo ni ya shetani. Nusu ya washiriki wetu wanakula ndani yake, na sadaka iliyopiga mabati ya kanisa letu ilitoka kwenye mashimo.

Kisha mzee akaeleza habari yake. Alifika Njingala wakati Bisie iliwaka. Kasiteriti ilikuwa inatoka porini mgongoni mwa watu, magunia ya kilo 50, mwendo wa siku nzima na zaidi, mpaka Njingala, na toka huko gari linaipeleka Kilambo, pahali ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami kuichukua kwa Goma. Kila kitu kilikuwa na bei ya ndege: sabuni, bia, hata yai. Wavijana walikopa duka kwa ahadi ya mawe ya kesho. Mwezi wa 9 mwaka 2010 Rais Joseph Kabila alifunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. "Ile miezi sita," mzee akasema, "batu walibaki na deni, na mawe hayakuwa na mununuzi. Mimi nilikuwa na kinga. Hakuna mukubwa aliyekataza batu kula mawese." Na mwaka ule wa safari yetu, 2019, kampuni ya Alphamin ilikuwa imeanza kutoa bati ya Bisie kwa mashini kubwa, basi hata nafasi ya mgongo ilikuwa inapungua.

Mimi niliwasimulia habari ya mtu mmoja wa Poland, Kazimierz Nowak. Kwao kazi ilikosekana, basi mwaka 1931 alishuka Tripoli na kinga iliyochakaa, akavuka Afrika yote mpaka Rasi ya kusini, akapita Kongo hii wakati wa Wabelgiji, na akarudi tena mpaka Algiers mwaka 1936. Karibu kilometa 40,000: kwa kinga, na ilipokufa, kwa miguu, farasi, ngamia na mtumbwi. Alituma picha na habari kwenye magazeti ya kwao, na feza yake ikalisha mke na watoto wawili aliowaacha. Wazungu wengi wanamsifu kwa zile kilometa. Mimi nahesabu ile miaka mitano. Alirudi na malaria mwilini, na mwezi wa 10 mwaka 1937 akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Watoto walikaa na baba wao chini ya mwaka mmoja. Kijana akauliza: "Alileta kinga nyumbani?" Sikuwa na jibu, nikaona swali lake ni la maana kuliko hadithi yangu.

Siku ya Bwana hatukusafiri. Mzee alisema hata bila Amri Kumi angepumzika, sababu siku ya saba magoti yanaanza kusema uongo. Tuligeuza kinga zote kichwa chini, tukaosha minyororo, tukapata sipoki mbili zilizovunjika ambazo hakuna aliyezisikia. Mchana wanaume wa pale walipita na tipoyi, mama mwenye uchungu wa kuzaa ndani yake, wakienda kituo cha afya. Shemasi alifungua kinga yake mzigo wote, akawafuata na maji na nguo zao. Alirudi usiku, mtoto alikuwa amezaliwa, msichana.

Walikale-centre tulifika siku ya tisa, Mto Lowa ukiwa mpana na wa rangi ya chai. Washiriki walitungoja wakiimba. Vitabu vya nyimbo vilikuwa vikavu. Kijana alizunguka soko siku mbili, watu watatu wakampa bei ya kinga, na bei haikuwa mbaya. Hakuiuzisha. Mwaka uliofuata alienda Rubaya kwenye koltani, kama alivyotaka, lakini kinga aliiachia mdogo wake, na mdogo akabebea watu maji na makala, akalipa nayo masomo yake mpaka darasa la sita la sekondari. Mkubwa alitoka mashimoni mwaka 2022, mzima, na feza kidogo kuliko ile aliyotaja usiku ule. Ameoa.

Ile njia siwezi kuwaambia mwifuate leo kama tulivyoifuata. Rubaya ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa 4, 2024. Masisi-centre, Sake na Goma zilifuata mwezi wa kwanza 2025, na tarehe 19 mwezi wa 3 wakaingia Walikale-centre, kisha wakatoka mwanzoni mwa mwezi wa 4. Anayesafiri aulize kwanza, na aulize watu wa mzigo, sababu wao wanajua habari ya jana, siyo ya juma lililopita.

Kinga yangu mimi niliiacha Walikale mwaka ule wa 2019, kwa mwinjilisti mwenye vikundi vitano vya kutembelea. Watu walipokimbilia pori mwezi wa 3 2025, aliifungua vipande: mwili wa chuma aliuficha kwa mama mkwe, magurudumu kwa jirani, gido na kiti ndani ya shimo la takataka, chini ya majani ya ndizi. Aliporudi alikusanya vyote. Mnyororo njo haujaonekana. Ameniandikia kuomba mwingine, na amesisitiza: wenye viungo vipana, siyo ule wa vijana.